Uingereza: hosteli ya wasio na makazi imepigwa chini, magorofa ya wenye pesa yamepita, kikao kimoja

Wakuu, nina hasira, na nitaandika nikiwa nayo hivyo hivyo. Mwenye jibu la "kwani nani alikulazimisha kuishi huko" apite kimya kimya, uzi haumhusu.

Niko Uingereza miaka mingi sasa. Jina la halmashauri yangu silitaji, jambo bado la moto na sitaki barua ya wakili mlangoni. Ila wenzangu mlioko huku mtaitambua hadithi hata bila jina, maana ni ile ile kila mahali.

Kamati ya mipango miji ilikaa jioni moja, maombi mawili mezani. La kwanza ni la shirika dogo la hisani: baa ya zamani, imefungwa miaka, madirisha yamepigiwa mbao, waliomba kubadili matumizi yake iwe hosteli ya watu wanaolala nje. Vitanda ishirini, mhudumu yupo usiku kucha, kila anayeingia anajulikana. Ombi la pili ni la mwekezaji anayetaka kushusha magorofa kwenye yadi ya zamani ya mabasi.

Afisa mipango miji wa halmashauri yenyewe, anayelipwa kwa kodi zetu, aliandika ripoti kuhusu hosteli na kupendekeza ikubaliwe. Polisi hawakupinga. Idara ya barabara haikupinga. Madiwani wakaikataa.

Kwa wasiojua utaratibu wa huku: ombi likiingia, majirani wanapata barua au karatasi inabandikwa kwenye nguzo ya taa, na mtu yeyote ana siku 21 za kuandika maoni. Maombi madogo yanatakiwa kuamuliwa ndani ya wiki 8, makubwa wiki 13. Mengi yanamalizwa na maafisa ofisini. Yale yenye kelele ndiyo hupelekwa kwa madiwani, na hapo ndipo siasa inapoingia na viatu vyake.

Ukumbi ulijaa, nikakaa viti vya nyuma. Kila msemaji anapewa dakika tatu. Wapinzani walisimama mmoja baada ya mwingine, na wote walianza vile vile: sina tatizo na watu wasio na makazi, ila hapa si mahali pake. Basi pake ni wapi? Hakuna aliyetaja mtaa hata mmoja. Mama mmoja akasema nyumba yake itashuka bei. Huku bei ya nyumba ya jirani si hoja inayokubalika kisheria katika kuamua kibali, jambo hilo hata mwanafunzi wa mipango miji wa mwaka wa kwanza analijua. Mwenyekiti alimwacha akamaliza, akamshukuru, watu wakapiga makofi.

Halafu akasimama kijana ambaye amewahi kulala nje katika mtaa huo huo. Alikuwa ameandika maneno yake kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne, anasoma bila kuinua kichwa. Alikuwa anaeleza kwamba ukiwa huna anuani hata miadi ya daktari inakupita, kwa sababu barua inatumwa usikokuwepo. Kengele ikalia katikati ya sentensi. "Ahsante, muda umekwisha." Akaketi. Diwani aliyekuwa mbele yangu hakuinua macho kwenye simu yake muda wote huo, na mkono wake ulikuwa wa kwanza kupanda kukataa.

Sasa sikilizeni hii ndiyo iliyonichefua. Walipokwisha kuonyesha kwamba wanataka kukataa, diwani mmoja akamgeukia afisa akauliza, kwa sauti, mbele ya kadamnasi: "Tunaweza kutumia sababu gani?" Wamehukumu kwanza, kosa linatafutwa baadaye! Mwanasheria wa halmashauri akawaonya kwamba mwombaji akikata rufaa, na ikaonekana wamekataa bila msingi, halmashauri inaweza kuamriwa kulipa gharama zake. Wakanong'onezana. Wakaibuka na "athari kwa utulivu wa wakazi wa jirani". Baa ilipokuwa baa, watu walikuwa wanatapika kwenye ua wa majirani hao hao kila Ijumaa usiku, hakuna aliyeita kikao.

Sisemi majirani hawana haki ya kuogopa. Mwaka 1997 Mahakama ya Rufaa ya hapa iliamua kesi ya hosteli ya watu waliopewa dhamana, pale Aldridge, eneo la Walsall. Idara ya uangalizi wa wahalifu ilitaka kuipanua, halmashauri ikakataa kwa sababu ya hofu ya wakazi, na mahakama ikaiunga mkono halmashauri. Lakini kwa nini? Kwa sababu hosteli ilikuwa tayari ipo, na palikuwa na kumbukumbu za matukio halisi yaliyowasumbua majirani. Hofu ilikuwa na ushahidi. Kwetu hosteli haijafunguliwa hata mlango, tukio la kwanza litoke wapi? Walichokuwa nacho ni picha kichwani ya mtu mchafu mwenye chupa. Picha ya kichwani ikawa hoja ya mipango miji, ikapigiwa kura.

Haya, tukaingia ombi la pili. Nusu ya ukumbi ikatoka, kazi yao ilikuwa imekwisha.

Sera ya halmashauri yetu, ambayo madiwani hawa hawa waliipitisha kwa mbwembwe, inataka karibu theluthi moja ya nyumba kwenye mradi mkubwa ziwe za bei nafuu. Mwekezaji amekuja na chini ya kumi kwa mia. Sababu yake? Ripoti aliyoilipia mwenyewe inayosema kwamba akijenga zaidi ya hapo mradi hautamlipa. Kurasa na kurasa za majedwali. Mshauri wake wa suti ya bluu alipewa dakika tatu kama wengine, kisha madiwani wakaanza kumuuliza maswali, na kujibu maswali hakuhesabiwi kwenye muda. Aliongea mpaka akachoka mwenyewe. Yule kijana wa karatasi hakuulizwa swali hata moja.

Wengi hamjui ripoti hizi zinapikwaje, kwa hiyo niwaeleze. Wanachukua jumla ya pesa watakayopata kwa kuuza nyumba zote. Wanatoa gharama za ujenzi, riba ya benki, ada za wataalamu. Wanatoa na faida ya mwekezaji, na mwongozo wa serikali unaruhusu ikadiriwe kati ya asilimia 15 na 20 ya mauzo yote. Hapo hapo faida inakaa kwenye hesabu kama gharama, sawasawa na saruji! Kinachobaki baada ya hapo kinalinganishwa na thamani ya ardhi, na kikionekana hakitoshi, wa kwanza kukatwa ni mpangaji maskini. Faida haiguswi. Bei za kuuzia unazikadiria chini kidogo, gharama juu kidogo, na nyumba za walalahoi zinayeyuka kwenye karatasi kabla tofali la kwanza halijawekwa. Na hizo za bei nafuu zenyewe, kuna aina ambayo kodi yake ya pango inaruhusiwa kufika asilimia 80 ya kodi ya soko. Muuguzi wa mjini na asilimia 80 ya soko wapi na wapi.

Mnaokumbuka Heygate kule Elephant and Castle, London, mnajua naongelea nini. Mtaa wa nyumba zaidi ya 1,000, karibu zote za halmashauri ya Southwark. Watu wakahamishwa, majengo yakavunjwa, ardhi akauziwa mwekezaji kwa pauni milioni 50. Mpango uliopitishwa ulikuwa wa nyumba karibu 2,500, na katika hizo zilizokusudiwa kodi ya chini kabisa, ile ya kijamii, zilikuwa 79. Sabini na tisa! Wakazi walipodai kuona hesabu wakaambiwa ni siri ya biashara, mpaka suala likafika kwenye baraza la haki ya habari na ikabidi zitolewe, mwaka 2015, mkataba ukiwa umeshatiwa saini zamani.

Na asije mtu hapa kusema halmashauri hazina meno. Kule Islington, London, kulikuwa na kiwanja cha Parkhurst Road, zamani cha jeshi la akiba. Kampuni ilikinunua mwaka 2013 kwa pauni milioni 13.25, kisha ikaja na hesabu kwamba kwa bei hiyo nyumba za bei nafuu haziwezekani kwa kiwango kinachotakiwa. Halmashauri ya Islington wakagoma. Wakasema, kwa maneno ya mtaani, umenunua ghali ukijua sera yetu, hiyo ni shauri yako. Kesi ikafika Mahakama Kuu na mwaka 2018 kampuni ikashindwa. Mwaka huo huo mwongozo wa serikali ukaandika wazi kwamba bei uliyolipia ardhi haiwi kisingizio cha kukwepa sera. Kwa hiyo silaha ipo. Madiwani wetu hawakuigusa. Mmoja alisema "tusipokubali, ataondoka na hatutapata chochote", wenzake wakaitikia kwa vichwa, mradi ukapita. Kwenye hosteli walikuwa simba, kwa mwekezaji wakawa kondoo.

Kuna jambo jingine ambalo watu wetu wengi hawalijui. Ukiomba kibali ukanyimwa, unaweza kukata rufaa kwa wakaguzi wa mipango miji wa serikali kuu. Lakini kibali kikitolewa, wewe raia unayeona kimetolewa vibaya huna rufaa. Huna. Njia iliyobaki ni kuomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi, ndani ya wiki 6, na hapo unahitaji mwanasheria na pesa. Halafu mahakama haiangalii kama uamuzi ni mzuri au mbaya, inaangalia kama sheria ilifuatwa. Mwekezaji angenyimwa angekata rufaa kesho yake, ana jeshi zima la washauri. Shirika la hisani nalo linayo haki hiyo hiyo kwenye karatasi, ila rufaa inachukua miezi, na mwenye baa hawezi kusubiri miezi bila mpangaji. Tayari nimeona bango la "Inauzwa" limerudi ukutani.

Haya mambo si ya Wazungu peke yao. Mwisho wa Machi 2025 Uingereza, nazungumzia England tu, ilikuwa na kaya 131,140 kwenye makazi ya muda, ndani yake watoto 169,050. Hesabu ya usiku mmoja ya vuli 2024 ilikuta watu 4,667 wamelala nje, na hao ni walioonekana. Humo ndani tumo. Namfahamu dada mmoja wa Bukavu, tunakutana kwenye vikundi vya Waswahili, yuko na watoto wake kwenye chumba kimoja cha hoteli aliyopewa na halmashauri. Jiko hakuna. Anapika wali kwenye sufuria ya umeme, na mkaguzi akigonga anaitumbukiza kabatini ingali inatoa mvuke, nguo za shule zinanuka vitunguu. Sheria inasema familia yenye watoto isikae kwenye malazi ya namna hiyo zaidi ya wiki 6. Yeye amezipita zamani. Akiuliza, jibu ni kwamba nyumba hakuna. Ofisi inayomwambia nyumba hakuna iko ghorofa moja chini ya ukumbi ambamo mwekezaji alisamehewa nyumba zenyewe.

Na wengine wanapelekwa mbali kabisa. Halmashauri ya Westminster, London, walimtaka mama mmoja mwenye watoto watano ahamie Bletchley, karibu na Milton Keynes, alipokataa wakasema wajibu wao umekwisha. Alipigana mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2015 akashinda, mahakama ikisema halmashauri lazima ionyeshe ilivyojaribu kumpatia mahali karibu. Lakini wangapi wana pumzi ya kufika huko?

Sasa lawama kidogo kwetu sisi. Kwenye faili la hosteli zilikuwepo barua za kupinga lundo, za kuunga mkono chache sana, na majina ya kwetu sikuyaona, ilhali kanisa letu liko mitaa miwili tu kutoka pale na msikiti uko barabara ile ile. Tunajaza kumbi kwenye harusi na misiba, tunachangishana maelfu ya pauni, lakini barua ya kuandikwa kwa dakika kumi kwenye simu inatushinda. Diwani anahesabu barua, jamani. Na barua zenyewe ziandikwe kwa akili: taja upungufu wa vitanda, taja sera ya halmashauri yenyewe, taja usimamizi wa hosteli, taja kwamba jengo limekaa bure. Huruma peke yake hawaiweki kwenye ripoti.

Nimekuja hapa kwa maswali pia, wenye ujuzi msaada tafadhali. Kuna mwanasheria au afisa mipango miji humu aliyewahi kusimamia rufaa ya hosteli namna hii? Nataka kujua kama lile swali la "tutumie sababu gani", ambalo limerekodiwa kwenye video ya kikao na liko kwenye tovuti yao, linaweza kutumika kudai gharama mbele ya mkaguzi. Na kwa mradi wa magorofa, nasikia kibali hakitoki rasmi mpaka mkataba wa nyumba za bei nafuu utiwe saini. Kama ni kweli, kuna namna ya kushinikiza hesabu zikaguliwe upya mradi ukiuzwa kwa bei ya juu kuliko walivyokadiria? Shirika la hisani wameniambia hawana pesa ya wakili, na wanatakiwa kuamua kuhusu rufaa kabla mwenye jengo hajapata mnunuzi.