Grand Canyon: boti ya mashine siku 7 au makasia siku 14? Kianzio mwisho Ijumaa

MtafutaKorongo
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, muda umenibana. Tumepata nafasi kwenye safari mbili za kushuka Mto Colorado ndani ya Grand Canyon, zote za kuongozwa, na kianzio natakiwa kulipa kabla ya Ijumaa. Moja ni boti kubwa ya mpira yenye mashine, siku 7. Nyingine ni boti ndogo za makasia, siku 14. Zote zinaanzia Lees Ferry. Mimi moyo uko kwenye makasia, ila ndugu zangu wanaona siku 14 bila mtandao wala bafu ni nyingi. Mliowahi kushuka mlichagua ipi? Na nini cha kubeba ambacho orodha ya kampuni haikitaji?

Kipanga
Mleta mada, umeacha mambo yote ya msingi. Mwezi gani? Mko wangapi, umri gani? Kuna asiyejua kuogelea? Kuna mwenye goti, mgongo, presha, sukari? Mnamalizia Diamond Creek au mnakwenda mpaka Pearce Ferry? Bila hayo kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

MamaNuru
Makasia. Nimeshuka mara mbili, mara ya kwanza mashine na mara ya pili makasia. Ile ya mashine nilirudi na picha nzuri. Ile ya makasia nilirudi nikiwa naujua mto. Unapita chini ya ukuta wa mawe wenye urefu wa ghorofa na ghorofa, hakuna sauti ila kasia linaingia majini na kutoka, na ndege mmoja analia mahali usipopaona. Kilomita 360 na ushee mpaka Diamond Creek, ukizigawa kwa siku 13 au 14, unapata nafasi ya kuteremka na kutembea kwenye makorongo ya pembeni. Kwa mashine nusu ya yale yote mnayapita mkiyaangalia tu.

Tumbusi
Dada MamaNuru nakuheshimu, ila hiyo habari ya kelele ni ya zamani. Mashine za siku hizi zinaunguruma taratibu, na ukikaa mbele husikii kitu cha kukusumbua. Boti yenyewe ina urefu wa meta 10 na kitu, inachukua watu kama 14, na kwenye mawimbi makubwa inatulia kuliko hizo ndogo. Mtu ambaye hajawahi kupanda boti maishani mwake umpeleke siku 14 kwenye kiboti cha abiria wanne? Siku 7 zinatosha kuliona korongo lote, na unarudi kazini hujatumia likizo yote ya mwaka.

MtafutaKorongo
Samahani Kipanga, niliandika kwa haraka. Tuko wanne: mimi, mke wangu, dada yangu na baba yetu. Mzee ana miaka 71, anatumia dawa za presha, na goti la kulia alishabadilishiwa. Bado anatembea vizuri tu. Haogelei. Safari ya mashine inaondoka Septemba 8, ya makasia Septemba 22.

Kipanga
Sasa unaona? Hizo tarehe pekee zinageuza swali lako. Kuanzia Septemba 16 mpaka Machi 31 mto ule ni msimu wa bila mashine, ndiyo maana wamekupa makasia tu tarehe 22. Kwa hiyo pamoja na mashine na makasia, unachagua pia kati ya hali mbili za hewa. Septemba 8 bado joto ni kali na mvua za radi za kiangazi hazijaisha, zinaweza kuteremsha mafuriko ya ghafla kwenye makorongo ya pembeni. Tarehe 22 joto limepungua na mbingu mara nyingi imetulia, lakini siku zimekuwa fupi na jua linajificha mapema nyuma ya kuta. Ukilowa saa kumi jioni ukiwa kivulini, hukauki.

ChuraMkavu
Mzee haogelei, mpeleke mashine. Kwisha.

MamaNuru
ChuraMkavu, kuogelea si kigezo kikubwa hivyo. Jaketi la kujiokolea linavaliwa na kufungwa na kila mtu, muda wote mkiwa majini, na waongozaji wanalikagua wenyewe. Pale hata bingwa wa kuogelea akianguka haogelei, analala chali, miguu mbele, anasubiri kuvutwa. Mimi goti ndilo linalonitia wasiwasi. Kwa siku moja mnapanda na kushuka boti mara sita, nane, pengine kumi, na kila mara ni mpira unaoteleza, halafu mchanga wenye mteremko. Boti ya mashine mipira yake ya pembeni ni minene, mtu anainyanyulia mguu juu sana. Zile ndogo ziko chini zaidi. Mtu wa goti asiipuuze hiyo.

Kipanga
Hapo MamaNuru umenena. Na dawa za presha zisemwe wazi. Zile zinazomfanya mtu akojoe sana zinaondoa maji na chumvi mwilini, na kwenye joto la jangwa hiyo ni hatari ya kweli. Mzee aende kwa daktari wake kabla ya kianzio, aeleze kwamba atakuwa siku kadhaa juani mahali ambapo msaada wa haraka ni helikopta. Halafu mjue kwamba kunywa maji matupu tu kutwa nzima nako kunaumiza. Chumvi ya damu ikishuka mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, anachanganyikiwa, na wenzake wanadhani ni jua, wanazidi kumpa maji. Maji yaende na vitafunwa vya chumvi.

NyayoZaMchanga
Naomba nisimulie yaliyonikuta, maana naona wote mnazungumzia joto tu.

Mimi nilishuka Agosti, kwa makasia. Orodha iliandika koti la mvua na suruali yake. Nikajiuliza, jangwani, nyuzi 40, koti la mvua la nini? Nikabeba joho la plastiki lile la kuvaa kichwani, fulana za pamba tano na jinzi mbili. Siku ya kwanza tu nikaelewa. Maji yale yanatoka chini sana ya uso wa ziwa la Bwawa la Glen Canyon, yalikuwa baridi ya friji. Mwongozaji alipima pale Lees Ferry, nyuzi 10. Nilikaa mbele kwa sababu nilitaka kuona vizuri. Wimbi la kwanza lilinipiga kifuani nikacheka. La pili pia nikacheka. Tulipofika maporomoko ya House Rock wimbi liliingia kichwani likatokea kwenye viatu, na wakati huohuo wingu likafunga korongo, upepo ukaanza, jua likapotea.

Pamba ikilowa inang'ang'ania mwili, haikauki. Nilitetemeka mpaka meno yakawa yanagongana. Mwongozaji akaniomba nifungue kamba ya ndoo ya kutekea maji, fundo la kawaida kabisa, kitanzi kimoja. Nililitazama lile fundo, vidole viko pale pale juu yake, haviendi. Yule kijana hakusema kitu, alinitazama usoni mara moja, akageuza boti akaipeleka ufukweni. Akanivua fulana, akanivalisha sweta lake la sufu, akanirukisha huku nimeshika kikombe cha maji ya moto kwa mikono yote miwili. Joho la plastiki alilikunja akalitia kwenye takataka za safari. Akaniambia kwamba linafunika jaketi la kujiokolea na linajaa maji mtu akianguka, hataki kuliona tena juu ya boti yake.

Usiku ndio ulikuwa mgumu. Mfuko wangu wa kuzuia maji nilikuwa nimeukunja mdomo mara moja, nikabana kifungio nikaona imetosha. Ulikuwa ukunjwe mara tatu, baada ya kuukalia hewa yote itoke. Nikalitoa begi la kulalia, sehemu ya miguuni linachuruzika. Mvua ikaanza saa tatu usiku. Asubuhi tuliona maporomoko mekundu ya matope yakimwagika kutoka juu ya kuta pande zote mbili, uzuri ambao sijawahi kuuona tena, na mimi nimejikunyata sina nguo hata moja kavu.

Kwa hiyo mashine au makasia, beba koti la mvua na suruali yake, vinavyobana shingoni na mikononi, na sweta la sufu, hata mkienda Julai. Pamba iache iwe ya kambini.

Tumbusi
Pole sana ndugu yangu. Lakini si umeona? Kwenye boti ya mashine mzee anakaa katikati, maji yanamfikia kidogo tu.

NyayoZaMchanga
Hata ya mashine kuna sehemu inalowa mpaka chupi. Tatizo langu lilikuwa nguo na mfuko. Safari ya makasia ningerudia kesho.

BaharaNane
Naomba kusahihisha jambo moja kwa sababu litawachanganya mkisoma maelezo ya kampuni. Kuna kasia na kuna kafi. Kasia ni lile refu linalokaa kwenye kishikizo cha boti na kuvutwa kwa mikono miwili, mwongozaji peke yake ndiye anayelivuta, nyie mnashikilia kamba. Kafi ni lile fupi la mkononi, kila abiria ana lake na mnapiga kwa pamoja kwa amri ya nahodha. Safari zote mbili wengi wanaziita "za makasia". Mleta mada ulizia ni ipi. Mzee wa miaka 71 kupiga kafi siku 14 ni habari nyingine kabisa.

MtafutaKorongo
Asante sana BaharaNane, hili sikulijua. Nimeangalia, ni kasia, wanavuta wao. Wana boti moja ya makafi kwa anayetaka kubadilisha. Dada yangu ameshaidandia.

ChuraMkavu
Swali jingine wakuu. Nimesoma kwamba haja ndogo watu wanaenda kuimalizia mtoni, na ni sheria. Kweli hiyo? Mto wenyewe watu wanaoga humo humo?

MamaNuru
Ni kweli. Haja kubwa inaingia kwenye kopo maalumu la chuma lenye kifuniko, linasafiri na boti mpaka mwisho, hakuna kinachozikwa. Haja ndogo ni mtoni, lakini mto mkubwa tu. Vijito vya pembeni hapana, na sabuni huko hapana.

ChuraMkavu
Bado haijaniingia akilini. Sisi tumelelewa kwamba mto haukojolewi. Waache watu waende nyuma ya kichaka.

Kipanga
Mkuu, malezi yako ni sahihi kwa mto mdogo ambao watu wanachota. Pale ni jangwa. Fukwe za kulala ni chache, maelfu ya watu wanalala hapohapo kila mwaka, na mvua ya kusafisha ni ya nadra. Wangetumia vichaka, kila kambi ingenuka kama choo cha stendi. Mto nao unapitisha mamia ya meta za ujazo kila sekunde.

BaharaNane
Na fukwe zinazidi kupungua kwa sababu ya bwawa. Tangu lifungwe mwaka 1963 mchanga unabaki ziwani, mto unatoka Lees Ferry ukiwa safi na wa kijani, unakula mchanga uliopo bila kuleta mwingine. Jina Colorado lenyewe ni Kihispania, wekundu. Zamani maji ya kiangazi yalikuwa ya matope na ya vuguvugu. Siku hizi mnauona wekundu ule mvua ikinyesha na mto wa pembeni, Little Colorado, ukamwaga matope yake.

Tumbusi
Powell, yule mpelelezi Mmarekani, alipita mwaka 1869 mto ukiwa bado mwekundu. Ana mkono mmoja tu, na mashua zenyewe za mbao. Watatu kati ya wenzake waliacha safari pale panapoitwa Separation leo, wakapanda juu kwa miguu na hawakuonekana tena.

BaharaNane
Aliporudi mwaka 1871 alifungiwa kiti cha mikono juu ya mashua. MtafutaKorongo, mwambie mzee kwamba kuomba kiti hakumvunjii mtu heshima. Kampuni nyingi zina viti na vitanda vya kukunja, goti lililobadilishwa halifai kuinuka kutoka ardhini kila asubuhi.

MtafutaKorongo
Wakuu nimemsomea mzee uzi mzima. Daktari anamwona kesho kutwa. Kuhusu wimbi hajasema kitu, ila lile kopo la chuma limemkera, anauliza kama kuna faragha. Kuhusu safari yenyewe, amesema akikubaliwa na daktari anataka makasia. Mke wangu naye sasa amehamia mashine kwa sababu ya hadithi ya NyayoZaMchanga. Yaani tumebadilishana.

MamaNuru
Faragha ipo. Linawekwa mbali na kambi, nyuma ya mawe, na kuna alama unaichukua njiani ili mwingine ajue kuna mtu. Mara nyingi ndicho kiti chenye mandhari nzuri kuliko vyote.

NyayoZaMchanga
Shemeji yetu asiogope, avae tu vizuri. Nimesahau miguu. Kulowa na kukauka mara kumi kwa siku, juu yake mchanga, kunapasua nyayo vibaya, magaga mpaka damu. Kila jioni nawa mchanga wote, paka mafuta ya mgando mengi, vaa soksi ulale nazo. Ufa ukishafunguka waongozaji wanauziba kwa gundi kali. Na viatu vipigwe chini asubuhi kabla ya kuvaa, kuna nge.

ChuraMkavu
Gundi ile ile ya kubandika viatu?

NyayoZaMchanga
Gundi ile ndogo inayokauka papo hapo. Inauma sekunde chache, halafu unatembea.

SabaSaba
Mimi mpya humu, nimefuata uzi tangu mwanzo. Sisi tunaondoka Juni na navaa miwani. Mchanga ule na lenzi za machoni vinaelewana?

MamaNuru
Havielewani. Vaa miwani, ifunge kamba nyuma ya kichwa, na beba ya akiba kwenye mfuko tofauti.