Yule "mtaalamu wa safari" wa humu ndani akome! Eti Angkor ni "mawe tu"?

Kiti cha Dirishani:

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Wote mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa ramani zenye mishale myekundu, anayejifanya mwenyeji wa kila nchi yenye uwanja wa ndege. Leo asubuhi dada mmoja kauliza kwa adabu zake zote: anakwenda Bangkok kufuata mzigo, atabakiwa na siku kadhaa, anataka kuvuka Kambodia akaione Angkor, ile hifadhi ya mahekalu ya kale, je, tiketi zinakatwaje? Jamaa kamjibu: "Siku moja inatosha. Tiketi utakata getini. Ni mawe tu, dada."

Ni mawe tu, dada!

Huyu angekuwa daktari wa meno, nusu ya jukwaa hili tungekuwa tunakunywa uji kwa mrija.

Getini hakuna tiketi. Ukifika kwenye daraja la Angkor Wat, hekalu lenyewe kuu, bila tiketi, unarudishwa mjini, na dereva anakudai nauli ya kurudi. Tiketi zinakatwa kwenye jengo moja kubwa lililo kilomita chache kutoka katikati ya Siem Reap, mji wa jirani, siyo kwenye njia ya kwenda hekaluni. Unapanga foleni, unapigwa picha palepale dirishani, picha inachapwa kwenye tiketi, unalipa. Au unakata mtandaoni kwenye tovuti rasmi ya Angkor Enterprise: unapakia picha ya uso, unalipa kwa kadi, unaletewa tiketi yenye msimbo wa kuskani. Basi. Hakuna cha mjomba wa mtu.

Bei kwa mgeni: siku moja dola 37, siku tatu dola 62, siku saba dola 72. Ya siku tatu unaitumia ndani ya siku 10, na siyo lazima zifuatane. Ya siku saba una mwezi mzima. Sasa pigeni hesabu ambayo "mtaalamu" hajawahi kuipiga: ukikata ya siku moja, kesho ukaona hujashiba ukakata nyingine, umetoa dola 74. Hiyo imepita hata bei ya siku saba! Ndiyo maana ushauri wa "siku moja inatosha" ni kumchomoa mtu pesa mfukoni.

Kuna jambo kubwa zaidi ambalo hajalisema. Ukikata tiketi jioni, kuanzia saa kumi na moja, inahesabiwa ya kesho yake, lakini jioni hiyohiyo wanakuruhusu kuingia kutazama jua likizama. Hiyo ni jioni ya bure. Na usiku huna foleni tena akilini, kwa hiyo alfajiri unakwenda moja kwa moja hekaluni. Anayengoja kukata alfajiri anajikuta foleni na dunia nzima, mwanga unaanza kutoka yeye bado anapigwa picha.

Halafu mtu anakuja kusema mawe tu. Angkor Wat ni hekalu la Mfalme Suryavarman wa Pili, karne ya 12, handaki la maji lina upana wa karibu mita 190, mnara wa kati una mita 65 kwenda juu, mawe ya mchanga yamesafirishwa kutoka milima ya Kulen, watawa wanasali humo mpaka leo. MAWE TU?

Bibi Nauli:

Asante kaka, nilikuwa namtafutia uzi wake. Huyohuyo bado ameacha kwenye maelezo yake kwamba uwanja wa ndege wa Siem Reap uko "hatua chache" kutoka mjini. Uwanja wa zamani ulifungwa 2023! Mpya uko zaidi ya kilomita 40 nje ya mji. Mtu akipanga kuondoka hotelini saa moja na nusu kabla ya ndege kwa kumwamini yeye, ataipungia mkono ikiwa angani.

Na fomu ya kuingia nchini inajazwa mtandaoni siku saba za mwisho kabla ya kufika, bure. Ukiona tovuti inakudai hela kwa fomu hiyo, kimbia.

Mzee wa Kona:

Mkuu umeandika gazeti zima kwa sababu ya maneno mawili. Kunywa maji, paka maji usoni, rudi.

Kiti cha Dirishani:

Siyo maneno mawili mzee wangu, ni dharau. Kwenye ukuta wa mashariki, upande wa kusini, kuna mchongo wenye urefu wa karibu mita 49 wa miungu na mashetani wakiivuta nyoka kuisukasuka bahari ya maziwa. Mita 49 za ukuta mmoja! Mtu aliyeupita ukuta ule akaja kuandika "mawe tu" hakuwa anatazama, alikuwa anatafuta mtandao kwenye simu.

Na hilo la picha sijalimaliza. Kwenye uzi wa mwezi uliopita aliwashauri watu wanunue tiketi za siku tatu zilizobakiwa na siku kutoka kwa wageni wanaoondoka. Tiketi ina SURA YA MTU. Inakaguliwa njiani na inakaguliwa tena milangoni kwa mahekalu makubwa. Utamwambia mkaguzi nini, kwamba jana ulikuwa Mholanzi?

Sanduku Jekundu:

Mimi naongeza mavazi, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Mabega na magoti yafunikwe. Kwenye ghorofa ya juu kabisa ya Angkor Wat, wanapaita Bakan, hawakubali kaptura fupi, hawakubali singlendi, na mtandio wa kujitupia mabegani mara nyingi wanaukataa: wanataka nguo yenye mikono. Kofia unavua. Mtoto chini ya miaka 12 hapandi kule, ingawa kwenye hifadhi anaingia bure akiwa na pasipoti ya kuthibitisha umri. Ngazi ni za mwinuko mkali, na wanaruhusiwa watu wachache kwa zamu. Siku takatifu za Kibuddha Bakan inafungwa, na zinafuata mwezi, kwa hiyo tazama kalenda yao kabla hujapanga siku. Dada zangu wa pwani wenye dera na mtandio, mko sawa kabisa, vaeni na viatu vya kushika.

Bwana Ratiba:

Muacheni jamaa, siku moja inawezekana. Angkor Wat alfajiri, Bayon, Ta Prohm, chakula, kwaheri. Mzunguko mdogo wa mahekalu ni kilomita 17 tu.

Kiti cha Dirishani:

Inawezekana, na hata mimi ningempangia mtu mwenye siku moja hivyohivyo. Lakini upange kwa saa! Angkor Wat inafunguliwa saa kumi na moja alfajiri. Bayon na Ta Prohm hazifunguliwi mpaka saa moja na nusu asubuhi. Wakiandika 5:00 ndiyo saa yetu ya kumi na moja, msije mkaamka saa tano. Jua likishachomoza, watu wote wanarudi hotelini kunywa chai. Hapo ndipo unapoingia ndani, kumbi ziko wazi. Halafu Ta Prohm, lile hekalu lenye mizizi ya miti iliyokumbatia kuta, upaende mapema kabla mabasi hayajashusha, kwa sababu kuna sehemu moja ya picha na foleni yake inakata hamu. Bayon yenye nyuso zaidi ya 200 ni nzuri wakati wowote jua halijakaa utosini.

Na kwa siku hiyo moja umekosa Banteay Srei, hekalu la mwaka 967, dogo, la jiwe jekundu, lililochongwa kwa ndani zaidi ya yote. Liko kama kilomita 37 kutoka mjini. Hifadhi nzima ina kilomita za mraba 400. Huyu bwana anazimaliza kwa sentensi moja: mawe tu.

Bibi Nauli:

Na tiketi hiyo haiingii Phnom Kulen wala Koh Ker, kule kuna tiketi zake. Yeye aliandika "moja inafungua yote".

Pancha ya Saa Nane:

Nyie mnagombana na tiketi, shida kubwa ni dola. Noti ya dola ikiwa na mchaniko mdogo kama ukucha, Kambodia nzima haikupokei. Kagua noti kabla hujaondoka kwa wabadilisha fedha. Na chenji utarudishiwa riel, karibu 4,000 kwa dola moja, usidhani umetajirika.

Na bajaji zao ni pikipiki inayovuta kitoroli cha abiria. Patana kwa siku nzima, na umtajie dereva kabisa: mzunguko mdogo, au mkubwa wa kilomita 26, au na Banteay Srei. Alfajiri ina nyongeza, Banteay Srei ina nyongeza. Usipotaja mwanzoni, utatajiwa mwishoni.

Mzee wa Kona:

Mpaka wa Poipet mmeusahau? Mnampeleka mtu kwa basi kutoka Bangkok wakati mpaka wa Thailand na Kambodia ulifungwa 2025 kwa mapigano. Atazame hali ilivyo kabla hajakata nauli, vinginevyo apande ndege.

Dada Mzigo:

Samahani wakuu, ni mimi niliyeuliza. Kwa hiyo nikate ya siku tatu?

Nguzo ya Luxor:

Angkor mna bahati, tiketi moja mnaingia kote. Nendeni Misri muone! Bonde la Wafalme tiketi ya kawaida ni makaburi matatu. Tutankhamun anataka yake, Seti wa Kwanza anataka yake, Ramses wa Tano na wa Sita wanataka yao. Na madirisha mengi hayataki keshi, ni kadi tu, kwa hiyo ukienda na bahasha ya dola unabaki kuhesabu ngamia nje. Hekalu la Abu Simbel liko kilomita zaidi ya 280 kutoka Aswan, na wanaotaka kuona jua likiingia mpaka chumba cha ndani ni Februari 22 na Oktoba 22, kila kitanda kimeshachukuliwa. Kuna mtu humu, mnamjua, aliandika kwamba "jua linaingia kila siku".

Bwana Ratiba:

Huyohuyo?

Nguzo ya Luxor:

Mwingine. Wako wengi.

Mwana wa Kisiwani:

Mnahangaika na Misri na Kambodia, Kilwa mnaikwepa. Na Kilwa nayo inapotoshwa vilevile! Watu wanaambiwa washuke tu ufukweni Kilwa Masoko wapande mashua. Kwanza unapitia ofisini Kilwa Masoko, unalipa, unapewa kibali, ndipo unavuka kwenda Kisiwani kuona Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Bila kibali nahodha mwenye akili hakupakii.

Sanduku Jekundu:

Na kisiwa cha Songo Mnara kwa siku hiyohiyo?

Mwana wa Kisiwani:

Inawezekana kwa boti ya injini, ila tazama maji kwanza. Yakipwa, boti haifiki karibu, unashuka na kutembea kwenye matope ya mikoko mpaka magotini. Muulize nahodha saa ya maji kujaa, uondoke Masoko kwa kufuata hiyo, siyo kwa kufuata saa ya hoteli. Bamvua ndiyo mbaya zaidi, maji yanakwenda mbali sana.

Pancha ya Saa Nane:

Nahodha wa huko anadai bei gani kwa watu wanne?

Mwana wa Kisiwani:

Inategemea tanga au injini. Njoo inbox, hapa wataanza kugombana.