Mwanangu ataka kunipeleka "msitu mdogo" huko Kent. Huo msitu una mwenyewe? Na nivae nini?

BintiWaBoriti (Mombasa), 14 Aprili

Assalaam aleikum jamaa. Nina suala, msinicheke.

Binti yangu wa pili ameolewa Uingereza, yuko kijijini Kent, mwaka wa sita huu. Wiki ijayo napanda ndege inshallah, nikamwone mjukuu. Jana kwenye simu ananiambia, "Mama, Jumapili ya kwanza twakupeleka msituni." Nikamuuliza, msitu wa wanyama? La, msitu mdogo tu nyuma ya kijiji, nusu saa umeshauzunguka. Tukaone nini? "Maua." Tiketi pesa ngapi? "Hakuna tiketi." Na mlinzi? "Mama, hakuna mlinzi." Basi nikanyamaza, lakini usiku sikulala vizuri.

Mimi mzaliwa wa Kuze, Mji wa Kale. Msitu kwangu ni kitu cha kupita ndani ya basi ukienda Malindi, pale Arabuko Sokoke, tena dirisha nimelifunga. Marehemu babangu aliuza boriti na fito karibu na bandari ya kale, majahazi ya Lamu yakimshushia mzigo. Kwa hivyo miti naijua, lakini naijua ikiwa imelala chini, imehesabiwa korja korja, yaani ishirini ishirini. Iliyosimama hatujuani.

Sasa nisaidieni. Huo msitu una mwenyewe au hauna? Maana kwetu huingii kwenye shamba la mtu na mjukuu mkononi na chupa ya chai, ukasema wafuata maua. Nyoka je? Na buibui langu, si litafagia matope yote ya Kent? Viatu nina makubadhi, na raba moja nyeupe ambayo sijaivaa tangu harusi ya mpwa wangu. Na adhuhuri ikitukuta humo ndani tutaswali wapi?

MuuguziKent, 14 Aprili

Waaleikum salaam mamangu. Mimi mtoto wa Majengo, niko Kent mwaka wa 14, na siku nisiyokuwa zamu hospitali utanikuta misituni. Bintiyo amekuchagulia wakati hasa. Mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei ndipo blubeli, hayo maua ya buluu ya msituni, zinapochanua. Ukija Juni utakuta majani yaliyolala na giza.

Mwenyewe yuko. Karibu kila kijisitu huku ni mali ya mtu, kama si mkulima basi shirika. Ila ndani yake mara nyingi hupita njia ya miguu ya umma, na kuipita ni haki yako kisheria, hakuna wa kukufukuza. Angalia vigingi: mshale wa manjano ni wa waendao kwa miguu, wa buluu unaruhusu na farasi na baiskeli. Kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la huku, za kipimo cha 1:25,000 njia hizo ni vistari vya kijani. Lakini haki ni ya kupita njiani. Kuacha njia ukatandika mkeka chini ya mti wa mtu ni habari nyingine, ingawa mimi sijaona mtu akigombezwa kwa sababu ya chai.

Nyoka mwenye sumu ni aina moja tu Uingereza nzima, anaitwa adder, na mtu wa mwisho kufa kwa kuumwa naye alikufa 1975. Wewe mwogope kupe. Ni mdogo kama mbegu ya ufuta, na anaweza kukupa ugonjwa wa Lyme. Mkirudi jikagueni nyuma ya magoti, kiunoni, na mtoto umwangalie mpaka nyuma ya masikio. Mkimkuta, mkamateni karibu na ngozi kwa kibano, mvuteni moja kwa moja, msimpake mafuta. Ngozi ikifanya wekundu wa duara wiki zinazofuata, daktari. Kuna na mmea wa kando ya njia unaowasha kama upupu, usiuguse hata ukiwa unaanguka.

Raba nyeupe iache Mombasa. Bintiyo akuazime gambuti. Buibui lipandishe kwa pini, na ndani yake vaa sweta mbili. Adhuhuri ni kama saa saba mchana, mtakuwa mmesharudi nyumbani. Jua linachwa saa mbili na robo usiku, kwa hivyo magharibi usiihangaikie.

Moja la mwisho, na hili nasema kwa ukali: msikanyage maua kwa ajili ya picha. Majani yake yakipondwa, kile kitunguu kilicho chini kinakosa chakula cha mwaka ujao. Mbegu ya blubeli huchukua miaka 5 au zaidi kufika kutoa ua. Na kung'oa bila idhini ya mwenye ardhi ni kosa, sheria ya 1981.

MzeeWaMtwapa, 15 Aprili

Nauli yote hiyo kwenda kutazama miti? Panda matatu ushuke Bamburi, Haller Park. Ile ilikuwa machimbo ya simenti, jangwa tupu, wakaanza kupanda mivinje 1971, leo ina hadi twiga. Kent wana twiga?

BintiWaBoriti, 15 Aprili

Kaka yangu, Haller Park nimempeleka kila mtoto wangu na kila mtoto wa jirani. Nakwenda kumwona mjukuu. Miti nimepewa kama nyongeza.

KijanaWaKinondo, 15 Aprili

Mama, mimi hutembeza wageni Kaya Kinondo, huku Diani. Msitu wetu nao si mkubwa, hekta 30 hivi, na tangu 2008 makaya ya Mijikenda, misitu yao mitakatifu, yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Huingii bila kujifunga kaniki, wala hutoki na kitu. Si jani, si jiwe, si kijiti cha kuchokolea meno. Huko Kent hakuna wazee wa kaya wa kukwambia, lakini wewe nenda hivyo hivyo. Ukirudi utuambie kama hao nao wana miiko.

BintiWaBoriti, 4 Mei

Nimekwenda, nimeona, niko hai. Naandika kitandani kwa mwanangu, miguu ndani ya soksi mbili.

Nianze na aibu. Nilivaa raba nyeupe. Gambuti za mwanangu zilinibana vidole, nikasema ah, nusu saa tu. Hatua ya kumi baada ya geti mguu ulizama mpaka kwenye kifundo, nikautoa umevaa soksi peke yake. Mkwe wangu akachutama akaivua ile raba matopeni kama avuaye samaki. Mjukuu, ana miaka minne, alicheka mpaka akaketi chini. Geti lenyewe ni la kuingia mmoja mmoja, unajibana pembeni, unalisukuma, unapita. Mimi na buibui tulipita kwa awamu mbili.

Kabla ya kuona kitu nilisikia harufu ya thomu. Wallahi nilidhani kuna mtu anapika. Kumbe ni majani mapana yameota pembeni mwa kijito, na maua meupe juu yake. Mwanangu akaliponda moja kwenye kidole akaninusisha: thomu kabisa, ya kutilia pilau.

Halafu njia ikapinda. MuuguziKent, hukunitayarisha. Mnaikumbuka nili ya kufulia, ile ya kipande, ukiitia kwenye beseni la nguo nyeupe ikaanza kutawanyika kabla hujakoroga? Ndivyo chini ya miti kulivyokuwa, mpaka macho yanapokomea. Na ukichutama kwenye ua moja si mengi hayo. Bua limeinama upande mmoja tu, vikengele kama kumi, ncha zake zimejikunja nje. Harufu ndogo, tamu, ya mbali. Sikukanyaga hata moja, na mkwe wangu alipotaka kunipiga picha katikati yake nilimgombeza kwa maneno yako.

Lakini lililonisimamisha mimi si maua. Wenzangu walitangulia, nikabaki nimekodolea kisiki. Kisiki kipana kama sinia la biriani, kimelala chini kabisa, na kutoka kwake zimepanda fito. Si matawi. Fito! Zimenyooka, unene wa kidole gumba, nyingine za kifundo cha mkono, gome laini la kahawia. Nikazihesabu: ishirini na mbili. Korja moja na mbili za nyongeza. Nikaangalia kando, kisiki kingine, korja nyingine. Msitu mzima umepangwa hivyo, na miti mikubwa michache imesimama katikati kama nguzo. Nikamwita mwanangu: njoo uone, huu si msitu, hii ni bohari ya babu yako! Yeye amepita hapo miaka sita akitazama maua.

Kuna mzee wa kizungu alikuwa anapita na mbwa, akatusalimu. Nikamwambia mwanangu amuulize fito hizi ni za nini. Mzee akafurahi, alikuwa kama aliyengojea kuulizwa. Akatuelekeza nyumba moja kongwe kijijini, ile yenye boriti nyeusi na kuta nyeupe, akasema kati ya boriti na boriti zimesukwa fito kama hizi, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi ya ng'ombe, juu chokaa. Jamani! Nyumba ya bibi yangu Kuze ilikuwa hivyo hivyo, kasoro samadi. Tulipokuwa watoto tulibandua chokaa kwa vijiti tukaziona fito ndani, na tulichapwa.

Sasa nauliza wajuao: bado wanazikata? Na kisiki hakifi?

MuuguziKent, 4 Mei

Mamangu umenifundisha kazi. Mti huo unaitwa hezeli, na hakifi. Ukikatwa karibu na ardhi, majira ya baridi, unachipua upya masika, na baada ya miaka 7 hadi 10 fito ziko tayari tena. Kisiki kinachokatwa hivyo huishi kuliko mti ulioachwa. Siku hizi wakataji ni wachache, wengi hufanya kwa ajili ya uhifadhi. Na ndio siri ya ile nili yako: kipande kikikatwa jua linashuka mpaka chini, na maua ya miaka inayofuata yanalipuka. Misitu mingi ya namna hiyo inahesabiwa ya kale, maana yake hapo pamekuwa na miti mfululizo tangu 1600 au kabla. Fort Jesus imeanza kujengwa 1593, basi piga hesabu wewe.

KijanaWaKinondo, 5 Mei

Mkoko wetu wa boriti hauna bahati hiyo. Ukiukata chini umekwisha, hauchipui. Mchu, aina nyingine ya mkoko, ndio hurudi kidogo. Ndio maana huku Gazi watu wanapanda miche kwa mkono, mmoja mmoja, maji yakitoka.

Mama, ulitoka na kitu?

BintiWaBoriti, 5 Mei

Mimi, la. Kulikuwa na ufito mmoja umeanguka njiani, nikaupima kwa shibiri, nane, umenyooka kama rula. Babangu angeuweka pembeni kwa mteja mzuri. Nikaulaza palepale, kwa ajili yako.

Kupe hatukuona, tulimkagua mtoto mpaka akalia. Ila tulipomvua suruali mfukoni mlikuwa na ganda la njugu, la huo huo mti wa fito, tupu, lina tundu la duara ubavuni kama limetobolewa na fundi.

MuuguziKent, 5 Mei

Huyo fundi ni panya.

BintiWaBoriti, 5 Mei

Basi amelala nalo mkononi, hataki kulitoa. Kijana wa Kinondo, hukumu ni nini?

KijanaWaKinondo, 5 Mei

Ingekuwa kwetu angelirudisha. Jumapili mnakwenda tena?

BintiWaBoriti, 5 Mei

Tunakwenda. Nimeshanunuliwa gambuti.