Uhandisi au hisabati: kipi kigumu zaidi chuoni?

Mwanzo_Mpya: Wakuu, nimemaliza sekondari, hesabu naziweza na fizikia si haba. Nimebaki kati ya shahada ya uhandisi na ya hisabati. Kila ninayemuuliza anasema uhandisi ndio mgumu, nikiuliza kwa nini, jibu ni "masomo mengi". Mliopita huko, ugumu wenyewe uko wapi?

Nondo_na_Zege: Karibu. Mimi ni mhandisi wa ujenzi, na hawajakudanganya. Wiki moja inakukuta na ripoti ya maabara, michoro, mradi wa kikundi na jaribio, na hakuna kinachosubiri kingine. Halafu kosa dogo linaadhibu. Chukua boriti iliyoegemea ncha zote mbili, ikabeba mzigo uliosambaa sawasawa: kunepa kwake katikati ni 5wL⁴/384EI (w ni mzigo wa kila mita, L ni urefu, E ni ukakamavu wa mada yenyewe, I inatokana na umbo la mkato wa boriti). Urefu uko kwenye kipeo cha nne, kwa hiyo ukiuongeza mara mbili, boriti ileile kwa mzigo uleule wa kila mita inanepa mara 16. Ukichanganya milimita na mita hapo, umekwisha, hata kama kanuni umeikariri. Kura yangu ni uhandisi.

Thabiti: Mkuu Nondo, huo ni ugumu wa wingi wa kazi. Hisabati inakubana kwingine: unapewa maswali manne tu, na la kwanza linakukesha bila kuandika mstari mmoja. Mwanzo_Mpya, hesabu za sekondari ni za kutafuta jibu. Chuoni utaambiwa "thibitisha". Jipime na hili: onyesha kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiandikiki kama sehemu ya namba kamili mbili. Tuseme kinaandikika, p/q, sehemu iliyorahisishwa hadi mwisho. Basi p² = 2q², kwa hiyo p ni shufwa. Iandike 2k, utapata q² = 2k², na q nayo ni shufwa. Zote zinagawanyika kwa 2, ilhali tulishamaliza kurahisisha. Haiwezekani! Hapo hakuna hesabu ngumu hata moja, kazi ni kujua uanzie wapi. Ukiisoma hoja hiyo ukasisimka, njoo huku. Ukijiuliza inajenga nini, uhandisi utakufaa, na sisemi hivyo kwa dharau.

Mkondo: Nilisoma uhandisi mitambo, sasa niko kwenye uzamili wa hisabati. Angalieni milinganyo ya Navier–Stokes, ile inayoeleza mwendo wa vimiminika na gesi. Wahandisi wanaitumia kila siku kukadiria hewa inavyopita kwenye bawa la ndege. Wanahisabati bado hawajathibitisha kama katika nafasi ya vipimo vitatu (urefu, upana na kimo) ina suluhisho laini nyakati zote, yaani lisilokatika wala kulipuka ghafla. Taasisi ya Hisabati ya Clay, ya Marekani, ililiweka swali hilo mwaka 2000 kati ya maswali 7, kila moja na zawadi ya dola milioni 1. Milinganyo ni ileile: mmoja anahangaika apate namba ya kuaminika kabla siku ya kukabidhi kazi haijafika, mwingine anahangaika kujua kama suluhisho lenyewe lipo. Kwangu hisabati ndiyo ngumu zaidi. Kwenye uhandisi ukikwama kuna majedwali, kuna viwango vya usanifu, kuna majaribio ya maabara. Kwenye uthibitisho umebaki na kichwa chako.

Nondo_na_Zege: Jedwali halimwokoi asiyejua kwa nini analitumia, ndugu yangu.

Mkondo: Hapo nakubali.

Mwanzo_Mpya: Asanteni sana. Nimejaribu hoja ya Thabiti kwa kipeuo cha pili cha 3, nikiweka "inagawanyika kwa 3" badala ya shufwa, imekubali. Nikaipeleka kwa makusudi kwenye 4, nione inakatikia wapi: p² = 4q², p ni shufwa, naiandika 2k, inabaki k² = q². Hakuna kinachoilazimisha q iwe shufwa. Nimekaa nayo jioni nzima.

Thabiti: Hakuna aliyekutuma kwenye 4, umeenda mwenyewe. Jaza hisabati.

Nondo_na_Zege: Huyu ni wenu. Ila kama chuo kinaruhusu somo la hiari, achukue mekanika.