Tangi la dizeli linavuja Shela: kuchomelea, kupaka gundi au kubadilisha?

Kibaraza_Shela (Lamu)
Assalaam alaykum jamaa. Naangalia nyumba ya wageni huku Shela. Nyuma ya jiko kuna tangi la chuma la lita 500, limekaa juu ya kibaraza cha mawe, linalisha jenereta. Juzi nikaona jiwe la chini yake limekuwa jeusi, nikadhani masizi. Nikapitisha kidole: mafuta. Linadondoka kwenye mshono wa chini, upande wa baharini. Nikakinga kikombe cha kahawa, kikajaa kwa saa moja hivi. Kisima kiko hatua tisa kutoka hapo.

Nimeletewa maneno matatu. Fundi wa kuchomelea kutoka Langoni anasema kiraka, nusu siku, kazi imekwisha. Jirani ana gundi ya epoksi ya kuzibia mashua za faiba. Mwenye duka naye anataka kuniuzia tangi la maji la plastiki, anaapa litastahimili. Mwenye nyumba yuko ng'ambo na swali lake ni moja tu: ipi rahisi? Nyinyi mngefanya lipi?

FundiWaMaweni (Malindi)
Waalaykum salaam. Kabla hatujalinganisha chochote, toa dizeli leo. Leo, si kesho. Kikombe kwa saa ni zaidi ya lita moja usiku na mchana, na mchanga wa Shela hunywa kila kitu. Wakati unatafuta mapipa, chukua sabuni ya mche ikiwa kavu, isugue kwa nguvu pale panapodondoka mpaka ishike. Dizeli haiyeyushi sabuni kama maji, kwa hiyo itakupa saa kadhaa. Tega karai chini. Na usiparuze kutu kwa msasa! Mara nyingi kutu ndiyo iliyobaki kushikilia tangi.

Sasa kiraka. Watu hudhani tangi la pwani linaoza kwa sababu ya chumvi ya nje. Ni kweli, lakini nusu tu. Hewa yenye unyevu huingia kupitia tundu la kupumulia, usiku hugeuka maji, na maji ni mazito kuliko dizeli, basi yanashuka na kukaa chini kabisa. Kutu inakula hapo, kwa ndani, usikokuona. Ukiona tone moja kwenye mshono, jua sakafu nzima imekuwa karatasi. Fundi akiwasha moto kuziba hapa, anatoboa pale.

Msafiri_Tana
Nyumba ina makuti?

Kibaraza_Shela
Ghorofa ya juu, ndiyo.

Msafiri_Tana
Basi hadithi ya kuchomelea imekwisha.

FundiWaMaweni
Umeniwahi. Na nimwambie kaka, tangi tupu ndilo la kuogopwa kuliko lililojaa. Dizeli haishiki moto upesi kama petroli, lakini masalio yaliyoganda kutani yakipata joto la kuchomelea yanatoa mvuke, na mvuke ukichanganyika na hewa ndani ya chombo kilichofungwa, hilo ni bomu. Fundi anayejua kazi hulisafisha na kulifukiza kwanza, siku nzima. Anayekwambia nusu siku hajapanga kufanya hivyo.

BintiLangoni (Lamu)
Gundi tulijaribu kwetu, kwenye tangi la mjomba. Ile epoksi inataka chuma kikavu, kisafi, kilichokwaruzwa. Wewe una chuma kinachotokwa jasho la mafuta. Ya mjomba ilishika Ramadhani nzima, Iddi ikabanduka yote kwa mpigo kama ganda la ndizi. Tena ilibanduka usiku.

Lakini mbona hakuna anayezungumza kisima? Chota ndoo, iache itulie, itazame juani. Ukiona utando wa rangi rangi juu, au ukanusa, basi imefika. Dizeli huelea, lakini usidanganyike kwamba ukichota ya chini umepona. Kuna kiasi kinachoyeyuka majini. Wageni wasinywe wala wasipikie mpaka maji yapimwe. Na tafadhali usimwage sabuni ya unga kwenye mchanga kuondoa harufu. Sabuni inayasukuma mafuta chini zaidi. Chimba mchanga uliolowa, wote, mpaka ufike wenye rangi yake. Maji ya mji mzima wa Lamu yanatoka chini ya matuta ya Shela, si ya nyumba yako peke yako hayo.

Mswahili_Leeds
Salaam kutoka kwenye baridi. Huku nyumba za vijijini zisizo na bomba la gesi hupashwa joto kwa mafuta ya taa, na tangi hukaa bustanini, kwa hiyo ugonjwa huu naujua. Dada yangu yuko Massachusetts. Lao ni la chuma, lipo chini ya nyumba, galani 275, kama lita 1,040, na mafuta yao ni ndugu wa dizeli. Lilipoanza kulia chini, fundi hakugusa hata bisibisi. Alinyonya mafuta, akaleta jingine.

Kuhusu plastiki: langu ni la plastiki na halina neno, lakini lilitengenezwa kwa mafuta, na ni tangi ndani ya tangi. La nje linaweza kubeba yote yaliyomo la ndani na asilimia 10 juu yake. La maji si hilo. Muda unavyokwenda dizeli hulainisha ile plastiki, na mipira ya viungio huvimba. Mwenye duka ataapa, halafu atahama duka.

Jua_Kali_77
Uzeni jenereta, wekeni sola. Mnahangaikia maiti.

Kibaraza_Shela
Pampu, friji mbili, na wageni wa Desemba. Nakusikia ndugu yangu, ila si wiki hii.

FundiWaMaweni
Jua Kali ana hoja, ingawa kaitupa kama jiwe. Tangi hilo la lita 500 liliwekwa lini? Naona ni la zama zile Lamu ilitegemea mashine za dizeli, mtu anaweka akiba kama anasafiri na jahazi. Sasa waya wa taifa umefika. Stima hupotea kwa saa, si kwa wiki. Dizeli ikikaa mwaka mzima kwenye joto hili inaota utelezi mweusi na kuziba chujio.

Kwa hiyo mimi silinunui tangi lolote, si la chuma wala la plastiki. Nachukua mapipa mawili ya chuma ya lita 200, yasiyo na kutu, nayaweka kivulini ndani ya beseni la zege lenye kuta, pana kiasi cha kumeza pipa zima likipasuka na nafasi ibaki. Pampu ya mkono juu. Pipa likianza kuoza unalibadilisha peke yake, na punda mmoja analileta kutoka gatini likiwa tupu.

BintiLangoni
Na beseni lisiwe na tundu la kutolea maji ya mvua. Watu huliweka, halafu mafuta yanapita hapo hapo.

Kibaraza_Shela
Jamaa, nimerudi baada ya siku sita. Sabuni ilishika mpaka alasiri, Mungu awabariki. Nilipofungua koki ya chini yalitangulia maji ya rangi ya chai, lita mbili hivi, kisha tope jeusi, ndipo dizeli. Tangi lilipokuwa tupu nikaligusa sakafu kwa bisibisi. Iliingia kama papai bivu.

Mapipa mawili yamekaa, zege bado linakauka. Mchanga umejaza viroba 7 vyenye plastiki ndani, viko juu ya turubai chini ya paa. Nimewapigia NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, kuuliza nani ana leseni ya kubeba taka za mafuta, maana boti ya kawaida haikubali. Kisima hakinuki, lakini tunanunua maji ya kunywa mpaka majibu ya kipimo yaje.

BintiLangoni
Na yule fundi wa kiraka?

Kibaraza_Shela
Alinuna siku mbili. Nimempa kazi ya geti.