Ushauri: kisu kidogo kisichokunjwa, cha kuvaa kila siku bila kuonekana

Fundi wa Ngazi

Wakuu salamu.

Kazi yangu ni kuvuta nyaya na kufunga vifaa juu ya mapaa na nguzo, kwa hiyo kisu nakitumia kutwa nzima: kumenya waya, kukata kamba, kufungua maboksi, kukata zile tai za plastiki za kubania nyaya. Nina cha kukunja na si kibaya. Shida ni kwamba nikiwa juu, mkono mmoja umeshika ngazi, mwingine unahangaika kukifungua. Na vumbi likishaingia kwenye kile kiungo kinakuwa kizito, kufuli yake nayo siiamini tena.

Nataka nihamie kwenye kisu kisichokunjwa, kifupi, kikae kiunoni chini ya shati. Naingia nyumba za watu na ofisi za watu, sitaki mwenye nyumba afungue mlango macho yake yaende moja kwa moja kwenye mpini wa kisu. Kujihami siyo hoja yangu.

Naomba mnisaidie: urefu gani, chuma gani, na kikae upande gani wa mwili?

Kinoo

Mkuu, urefu usikuumize kichwa. Kwa kazi ulizotaja, makali ya sentimita 6 hadi 8 yanamaliza kila kitu. Zaidi ya hapo unabeba chuma cha bure, na ukikaa kwenye kiti ncha ya ala (kile kifuko cha kisu) inakuchokonoa paja.

Kitu ambacho wengi hawakiangalii ni mpini. Kisu kikivaliwa ndani ya suruali, makali yameshajificha yenyewe. Kinachotokeza juu ya mkanda na kuvimbisha shati ni mpini. Pima urefu wake, na zaidi pima unene wake: mpini bapa uliosuguliwa pembe unalala mwilini, ule mnene wa mviringo unakuinulia shati. Ila usiufupishe kupita kiasi. Vidole vitatu vikae sawasawa na cha nne kipate pa kuegemea, la sivyo ukivuta kamba ngumu kisu kinageukia mkononi.

Halafu unene wa chuma. Visu vingi vidogo vinavyosifiwa kwamba havivunjiki ni vinene mno mgongoni. ESEE Izula ni mfano: makali hayafiki sentimita 7, lakini chuma kina karibu milimita 4. Kigumu kweli, sibishi, ila kwenye boksi na ganda la waya kinapasua kama kabari. Wewe tafuta milimita 2 hadi 3. Visu vya Morakniv vimejijengea jina kwa sababu hiyo, chuma chembamba kinachopita. Usije tu ukakitumia kung'olea misumari, halafu urudi hapa kulalamika.

Ala Kwanza

Maswali matatu yameulizwa na lenyewe kubwa halimo. Kisu cha kuvaa mwilini ni ala. Kisu kizuri sana ndani ya ala mbovu ni balaa lililopakana na tumbo lako. Cha kawaida ndani ya ala nzuri utakivaa mpaka usahau kama unacho.

Ala ya kitambaa laini achana nayo, siku ukianguka ncha inaitoboa. Ya ngozi ni tamu mwilini na haina kelele, lakini inanyonya jasho, na ngozi ikilowa inalegea. Kama kinachokishika kisu ni mbano wa ngozi peke yake, ikilegea huna kitu. Tena ukishatoa kisu, mdomo wa ngozi laini unajifunga, kurudisha kunataka mikono miwili, na wewe umesema uko kwenye ngazi. Chukua ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa joto kufuata umbo la kisu chenyewe, Kydex au inayofanana nayo. Kikiingia unasikia "tk", ujue kimeshika.

Kabla hujaivaa ijaribu. Simama karibu na kitanda, geuza ala mdomo chini, itikise kwa nguvu zako. Kikidondoka, hiyo ala bado. Kisipodondoka, kitoe kwa kusukuma mdomo wa ala kwa dole gumba, siyo kwa kuvuta kwa bega. Kinachohitaji bega ni kile kitakachotoka ghafla na mkono ukapitiliza. Ikibana mno, pasha mdomo wake kidogo kwa mashine ya hewa moto (kisu kikiwa kimetolewa) halafu rudisha ujaribu tena. Haraka haraka hapo utaiharibu yote.

Mengine upesi: iwe na tundu chini ili maji na mchanga vitoke, uioshe mara kwa mara maana mchanga uliobaki ndani unakwaruza chuma kila ukichomeka. Klipu iume mkanda au suruali yenyewe, isiwe ya kuning'inia, maana usiku wa siku moja utakuta umechomoa kisu na ala yake pamoja.

Na kurudisha kisu, tazama. Kila mara. Pindua shati pembeni, angalia mdomo wa ala, ndipo uchomeke. Mtu anajikata akirudisha kwa mazoea huku anaongea na mteja.

Msugua Chuma

Nakubaliana na Ala Kwanza, ila chuma nacho kina neno hapa, kwa sababu moja tu: jasho. Kisu cha chini ya shati kinaishi kwenye unyevu na chumvi kutwa.

Hiyo Izula iliyotajwa imezoeleka kwa chuma cha 1095. Kaboni ni karibu asilimia 0.95, kromi, ile metali inayozuia kutu, hakuna ya maana. Kinanoleka raha, lakini pale kwenye makali ambapo hakuna rangi utaona madoa ya kahawia ukikivaa kwenye joto bila kukifuta.

Chuma cha D2 ndicho kinachodanganya watu. Wanasoma kina kromi karibu asilimia 12 wanajua ni chuma cha pua, kisichoshika kutu. Sehemu kubwa ya kromi hiyo imeshikwa na kaboni, imegeuka chembe ngumu ndani ya chuma. Chembe hizo zinasaidia makali yadumu, ila kromi iliyofungwa humo hailindi kutu. Inayolinda ni ile iliyobaki huru. Ndiyo maana MagnaCut, aina ya chuma iliyobuniwa na mtaalamu wa metali Larrin Thomas na kuingia sokoni 2021, ina kromi chini ya asilimia 11 na bado inaipita D2 mbali kwa kuvumilia kutu: imepangwa kusudi hizo chembe za kromi zisijitengeneze.

MagnaCut ni ghali, na kwa kumenya waya sioni faida. Aina ya chuma ya 14C28N inakutosha. Kromi ni asilimia 14 hivi, kaboni imepimwa isizidi, inanoleka kwenye kinoo cha kawaida bila vita. Nyaya zina shaba, sakafu zina zege, makali yatakwisha tu hata ukinunua chuma cha namna gani. Bora kile unachoweza kukirudisha jioni mwenyewe.

Msoma Sheria

Samahani nawavurugia kidogo. Mwenzetu anataka kukificha kwa heshima ya wateja, na nia ni njema. Ila kuna mahali kule kuficha kwenyewe ndiko kosa.

California kwa mfano: kisu kisichokunjwa kikining'inia kiunoni wazi ndani ya ala yake, sheria ya jimbo haikihesabu kuwa kimefichwa. Kisu kilekile ukikifunika kwa shati kinaweza kukupeleka mahakamani. Uingereza, sheria ya 1988 inaruhusu hadharani kisu cha kukunja kisicho na kufuli chenye makali yasiyozidi inchi 3. Kisichokunjwa lazima uwe na sababu nzuri ya kuwa nacho. Kazi ni sababu nzuri. Kuwa nacho Jumamosi usiku kwenye starehe, hiyo sababu huna tena. Ujerumani wanaangalia urefu, makali yakizidi sentimita 12 ni marufuku kutembea nacho bila sababu inayokubalika.

Kwa hiyo kabla ya chuma na ala, soma ya kwako inasemaje kuhusu vitu vitatu: kisichokunjwa, urefu, na kufichwa. Na hata ikiruhusu, shule, mahakama na viwanja vya ndege vina milango yake.

Ningekuwa wewe nisingekificha kabisa. Kwenye mfuko wa zana, kati ya koleo na bisibisi, kisu kidogo chenye mpini wa rangi ya machungwa hakimtishi mtu yeyote. Kinachotisha ni kile kinachochomoka chini ya shati.

Ngumi Mkononi

Kwani wakuu mbona mnazunguka? Siku vibaka wamekuzingira usiku na zana zako utawamenyea waya? Chukua chenye makali pande zote mbili, kazi na usalama humo humo.

Msoma Sheria

Makali pande mbili ni njia rahisi kabisa ya kukifanya kifaa kiitwe silaha mbele ya polisi. Na kwa kazi hakifai: dole gumba utaliegemeza wapi ukitaka kusukuma mgongo wa kisu? Aliyeuliza kashasema kujihami siyo hoja yake. Fungua uzi wako.

Kinoo

Naongezea: vibaka wape zana. Zana zinanunuliwa.

Binti Kamba

Nafanya kazi juu ya miti, kukata matawi kwa kamba na mikanda ya usalama, kwa hiyo hili la kikae wapi nalijua mwilini.

Mgongoni, kimelala juu ya uti, usikubali. Watu wanaupenda mtindo huo kwa sababu kinajificha vizuri kweli, lakini ukiteleza ukaanguka chali unaangukia kitu kigumu kwenye uti wa mgongo. Shingoni nako, kamba ya shingo kwa mtu wa ngazi ni kitanzi, labda mnyororo uwe wa kukatika ukivutwa. Na hata ukikatika, ukiinama kisu kinaning'inia mbele ya nyaya zako.

Kinachonifaa mimi ni mbele pembeni, katikati ya bizimu ya mkanda na mfupa wa nyonga, ala imelala kufuata mkanda badala ya kusimama. Ukikaa hakikuchomi, ukiinama mpini haukupigi mbavu, na mikono yote miwili inakifikia. Ukivaa mkanda wa usalama jaribu navyo vyote pamoja, maana ule mkanda wa kiunoni unapita hapohapo na unaweza kukifukia kisu usikipate siku unayokitaka. Hapo wazo la Msoma Sheria lina nguvu: juu ya mti changu kinahamia nje, kwenye mkanda wa usalama, na kimefungwa kwa kamba nyembamba ili kikiniponyoka kisimshukie mtu wa chini. Nikishuka kinarudi ndani.

Suruali zisizo na mkanda tafuta ala ya mfukoni, yenye kindoano kinachokwama kwenye pindo la mfuko unapochomoa kisu. Ila mfuko huo usiweke kitu kingine humo.

Fundi wa Ngazi

Aisee asanteni, nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Ile kamba ya kuzuia kisidondoke sikuwahi kuifikiria, na chini yangu kila siku kuna msaidizi.

Nilivyokata shauri: makali ya sentimita 7, milimita 2 na nusu, 14C28N, ala ya plastiki ngumu. Sheria naipitia kesho kabla sijanunua, na kama kuficha kuna utata basi kinaenda kwenye mfuko wa zana, mpini wa machungwa. Swali la mwisho, natumia mkono wa kushoto. Ala nyingi naziona zimetengenezwa kwa mkono wa kulia, inaleta shida?

Ala Kwanza

Ungesema mapema mkuu! Inaleta, hasa ile iliyokunjwa kipande kimoja yenye matundu ya rivati upande mmoja tu. Tafuta iliyotengenezwa kwa vipande viwili vilivyobanwa pamoja, matundu pande zote mbili, klipu unaihamisha mwenyewe kwa bisibisi. Ukishaigeuza hakikisha makali yanaangalia chini ikilala kwenye mkanda. Na skrubu zipake gundi ya kuzuia zisilegee, zile ndogo zinajifungua zenyewe kwa mtikisiko wa kupanda na kushuka.