Tatizo si umri wa gari, ni mileji za uongo

Jamani wa Mombasa, hii hoja ya kutaka umri wa mwisho wa gari za Japani zilizotumika kuingizwa nchini ushushwe kutoka miaka 8 hadi 5 ili watu wanunue mpya mimi siikubali kabisa. Gari mpya zingine zaungwa hapo tu Miritini na bado mshahara wa mwalimu haugusi bei yake. Hizo za mtumba zenyewe ushuru wa forodha ulipanda hadi 35% mwaka 2023, sasa mukipunguza na miaka, mtu wa kawaida atanunua nini?

Kinachomuumiza mnunuzi ni mileji, yaani kilomita gari ilizotembea, kurudishwa nyuma kwenye mita. Mwaka jana niliingia yadi moja ya kuuza gari, gari inang'aa, mita yasoma kilomita 48,000, nikainama nikaangalia pedali ya breki, mpira umelika upande mmoja mpaka chuma chaonekana. 48,000 hailiki vile wallahi. Nikaomba karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoandikwa hali ya gari na mileji yake ilipouzwa kule, naambiwa imepotea, basi nikachukua nambari ya chesisi nikalipia kuitafuta mtandaoni, ikaja 131,000! Nikaondoka hata bei sikuuliza.

Yadi ya pili jamaa alinitolea karatasi kabla sijaiomba, gredi 4 yaani hali nzuri, mileji inalingana. Mtu kama huyo ndo wakaa naye mukapatana. Alianza 1,450,000. Nikamuonyesha tairi, ukiangalia ubavuni kuna tarakimu nne, zake zilikuwa 1218 yaani wiki ya 12 ya 2018, zote nne, nikamwambia hizi nikitoka hapa nabadilisha kwa pesa yangu. Akashuka 1,400,000 akasema ndo mwisho. Nikamuachia namba ya simu nikaenda zangu, siku ya tatu akapiga mwenyewe, tukamalizana 1,350,000 na gharama ya kuhamisha logbuku (hati ya umiliki wa gari) juu yake, na hilo la logbuku tuliliandika kabla sijatoa hata shilingi maana watu wengi huku wakubaliana bei halafu gharama zingine zinaibuka moja moja.

Mimi nataka sheria ilazimishe kila yadi kubandika karatasi ya mnada kwenye kioo cha gari, na imetafsiriwa, si kijapani kitupu. Nyinyi munaotaka miaka 5 nijibuni hili, gari ya miaka minne iliyochezewa mita imemsaidia nini aliyeinunua?